Maisha ya Nicanor Wanyonyi, Aliyeshuka Treni Eldoret na Konokono wa Bahari

Yanasomwa na mdogo wake, Khisa, hapa Cheptiret, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1957

Mchungaji, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mlioketi juu ya ukuta kama kuku. Kabla karatasi hii haijasomwa, Khisa ameweka dau. Kondoo wake dume, yule mwenye mkia kama mto wa kulalia, amefungwa nyuma ya jikoni. Mtu yeyote atakayeweza kusimama mbele ya Mchungaji na kusema ameamini kila neno la maisha haya, ampeleke kwake leo jioni. Mzee Kiprotich, keti kwanza, bado hatujaanza. Kondoo haendi mahali, kwa sababu hakuna atakayeamini. Watu wa Cheptiret walicheka habari hii ikiwa mbichi, na wengi wao wako hapa leo wamevaa makoti meusi na kujifanya hawakumbuki.

Nicanor Wanyonyi alizaliwa Kimilili mwezi wa Machi mwaka wa 1904, mtoto wa kwanza wa Mzee Wepukhulu na Mama Nelima. Alikuwa mtoto wa kutaka kujua. Watoto wengine wakiona kichuguu wanapita kando. Yeye alikipasua kwa jembe la mama kwa sababu alitaka kuona malkia wa mchwa analala ameangalia upande gani. Siafu waliokuwa wamehamia humo wakamuuma mpaka kope zikafunga. Mama Nelima akamuosha na maji ya moto, akamuuliza, "Sasa umekoma?"

Nicanor akasema, "Bado sijaona upande."

Mwaka wa 1914 aliingia shule ya misheni karibu na nyumbani. Alijua kusoma haraka, lakini maswali yalimponza. Siku mwalimu alipofundisha habari za Yona, Nicanor aliinua mkono akauliza: yule samaki, wakati Yona yuko ndani, alikuwa anaweka wapi chakula chake kingine? Akachapwa. Kesho yake akauliza tena, kwa adabu zaidi, akachapwa kwa adabu zaidi. Aliacha shule mwisho wa 1917 kuchunga ng'ombe wa baba. Khisa naye aliacha mapema kuliko yeye, na bado hamjapata hapa Cheptiret mtu anayemshinda kusoma kwa sauti ya kufika barabarani.

Mwaka wa 1920 Nicanor alitembea kwa miguu kupitia Turbo mpaka Eldoret, ambayo wazee bado wanaita Sisibo. Aliandikwa kazi kwa mzungu mmoja wa hapa Cheptiret aliyeitwa na watu wake Bwana Masharubu, kwa sababu ya masharubu aliyoyafunga kwa kitambaa akienda kulala. Nicanor alianza kwa kuongoza ng'ombe wa plau. Baadaye Memsahib, mke wa bwana huyo, alimsikia akimuuliza mpishi kwa nini mkate unavimba, akaona heri aingizwe jikoni akajionee mwenyewe. Aliingia jikoni 1923, na upishi ndio ulikuwa kazi yake mpaka alipougua. Mdogo wake Khisa alimfuata Cheptiret 1925, akapewa wale ng'ombe wa plau, na hao ng'ombe wakapata mwalimu kwa mara ya kwanza.

Sasa tumefika mahali pa kondoo.

Mwezi wa Agosti 1926 Bwana Masharubu na Memsahib walikwenda Mombasa kupumzika, wakamchukua Nicanor awapikie. Nyumba waliyokodi ilikuwa Likoni. Memsahib alipenda maganda ya baharini. Asubuhi moja, maji yakiwa yamerudi nyuma na mawe yamebaki wazi, akamtuma Nicanor na kikapu. Nicanor akatembea juu ya mawe, akaweka mguu kwenye jiwe moja zuri lenye madoa kama manyoya ya kanga. Jiwe likatembea.

Mtu mwingine angekimbia. Nicanor aliinama. Akaona chini ya lile jiwe kuna mguu mmoja mpana, laini, wa rangi ya manjano na madoadoa. Mbele kulikuwa na pembe mbili zenye mistari myeusi kama soksi za askari, na kwenye kila pembe kuna jicho. Alikuwa konokono. Konokono, jamani, yule yule wa kwenye kabichi, lakini urefu wake ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Alikuwa anamfuata mnyama mwingine wa baharini mwenye mikono mitano, yule anayefanana na nyota, akampanda juu, akaanza kumla. Nicanor alisimama pale akiangalia mpaka maji yakamfika magotini, ndipo akamtia yule konokono kikapuni. Chai ya Memsahib ilichelewa siku hiyo.

Mama mmoja wa Likoni aliyekuwa akifua nguo pale nyumbani ndiye aliyemfundisha namna ya kumtoa mnyama: unamchemsha, halafu unamvuta ukizungusha. Yule mama alikula nyama. Nicanor aliambiwa karibu, akasema ahsante, ameshiba. Memsahib akalileta lile ganda Cheptiret, akaliweka sebuleni juu ya mahali pa moto, na watu wote wa shamba wakapitishwa kwa zamu waone.

Wote wakasema ni pembe. Kwani ingekuwa nini? Ilikuwa imejikunja kama pembe ya kondoo dume, ngumu kama pembe, tupu ndani kama pembe. Ubishi ulikuwa ni pembe ya nani. Nicanor akiwa ameshika sinia ya chai akasema, "Si pembe. Ni nyumba ya konokono."

Hapo kicheko kilianza, na kilidumu miaka miwili. Memsahib alisema ni kweli. Watu wakasema, Memsahib naye si ndiye anasema dunia ni mviringo? Nicanor akapewa jina la Konokono. Akipita na maji, mtu anamwambia, "Konokono, pole pole, utaacha nyumba nyuma." Akichelewa kanisani, wanasema alikuwa anafunga mlango. Khisa mwenyewe alitunga mzaha mmoja mzuri kuliko yote, lakini hautasomwa mbele ya Mchungaji.

Kicheko si kitu, mtu huzoea. Shida ilikuja Nicanor alipotaka kuoa. Alikuwa amempenda Nasike, binti ya Mzee Murunga, ambaye alikuwa mzee wa kanisa hapa shambani na mtu asiyependa mchezo hata siku ya Krismasi. Mwezi wa Aprili 1928 ujumbe wetu uliingia nyumbani kwake. Mambo ya mahari yalikwenda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa, blanketi ya mama ikakubaliwa. Pombe haikuwepo kwa sababu ya kanisa, lakini uji ulikuwa mwingi. Watu walikuwa wameanza kutafuta kofia zao. Mzee Murunga akaweka kikombe chini.

"Kijana, kuna neno moja limebaki," akasema. "Nasikia unasema umeona konokono mkubwa kama mtoto mchanga."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiyo pembe ya Memsahib ni nyumba yake."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee Murunga akaangalia watu wake, akageuka tena. "Sikiliza. Mimi si mtu mbaya. Kijana akienda mbali anarudi na maneno, hata mimi nilirudi na maneno kutoka Kisumu. Sema tu ulikuwa unacheza, tucheke, tuombe, twende tulale."

Mkiona ni jambo dogo, jiwekeni mahali pake. Neno moja tu, "nilikuwa nacheza," na mke ni wake. Khisa alimkanyaga mguu chini ya meza. Alimkanyaga tena kwa kisigino. Nicanor akasema, "Mzee, nikisema hivyo ndipo nitakuwa nimekudanganya. Nilimwona. Nilimkanyaga."

Mzee Murunga akasimama. "Basi. Mtu anayedanganya habari ya konokono, atanidanganya nini habari ya ng'ombe? Atasema wamekufa na wako Kimilili wanakula nyasi. Kuna mtu wa Chepsaita ameniuliza huyu msichana, na huyo hajawahi kuona kitu chochote. Mwezi wa tisa tukivuna nitampa jibu. Wewe niletee huyo konokono, akiwa ndani ya hiyo nyumba yake. La sivyo, usirudi hapa."

Wiki ile Nicanor alimkuta Nasike mtoni akijaza mtungi. Alifikiri atalia. Nasike hakulia. Mnamjua mama huyu, yuko mbele yenu, hata leo amelia kidogo tu na amemaliza kupanga chai. Alimuuliza, "Hebu niambie. Huyo konokono akitaka kulala, mlango wazi hivyo, wanyama wengine hawamli?"

"Sijui," akasema.

"Uliangalia mpaka maji yakafika magotini na hukuona?"

"Alikuwa anakula. Hakulala."

"Basi nenda uangalie vizuri," Nasike akasema, "kwa sababu baba atauliza. Na kama hatauliza yeye, nitauliza mimi."

Marehemu alisema mara nyingi kwamba siku hiyo ndipo alipojua ni huyu. Wasichana wengine walimuuliza kama konokono ni kweli. Nasike alimuuliza analala vipi.

Bwana Masharubu alikwenda Mombasa tena Agosti 1928. Safari hii Nicanor alikuwa na haraka kuliko bwana. Kila maji yakirudi nyuma alikuwa kwenye mawe. Siku nyingi hakupata kitu, na likizo ilikuwa inaisha. Siku mbili kabla ya kuondoka, akampata mmoja chini ya ukingo wa jiwe, mkubwa kuliko wa kwanza. Akamgusa. Mnyama akajirudisha ndani, mguu wote, pembe zote, na mwisho kabisa ukaja mlango: kigae kigumu cha kahawia kama ukucha wa ng'ombe, kimeshikamana na mguu wenyewe, kikaziba mdomo wa nyumba. Nicanor alikaa chini majini na nguo zake za kazi, akacheka peke yake. Yule mama wa Likoni alisikia mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Unampeleka wapi?" mama akamuuliza.

"Eldoret."

"Kwa treni? Mwanangu, atanuka."

Nicanor akachukua debe, akaweka chumvi, akamweka mnyama, akajaza chumvi tena juu, akafunga na gunia na waya. Alikuwa mpishi, alijua kutunza nyama. Lakini nyama ya baharini ina tabia yake. Alipanda daraja la tatu, wengi wakiwa wamebanana, watu na magunia na kuku. Kufika Voi, watu walianza kuangaliana. Kila mtu alimshuku jirani yake. Kufika Nairobi, walikuwa wameacha kushukuana na wote walikuwa wanaangalia debe. Kufika Nakuru, Nicanor alikuwa na benchi nzima peke yake, akalala amenyoosha miguu kama Gavana. Hapo Nakuru askari mmoja akapanda.

"Kuna nini ndani?"

"Konokono, afande."

"Usinicheze. Fungua."

Nicanor akafungua waya, akatoa gunia. Askari akachungulia. Akarudisha gunia mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akakaza waya. "Unakwenda wapi?"

"Eldoret."

"Nenda," askari akasema. "Nenda sasa hivi." Kana kwamba treni ilikuwa ya Nicanor.

Khisa alimpokea stesheni ya Eldoret na mkokoteni wa ng'ombe wa shamba. Wale ng'ombe walikuwa watulivu, walikuwa wamefundishwa na fundi. Walipopakiwa debe, wakaondoka bila kuambiwa, na Khisa akakimbia nyuma yao mpaka karibu na daraja la mto Sosiani. Marehemu aliwahi kusema hiyo ndiyo siku pekee alipomwona mdogo wake akifanya kazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walijaa uwanjani kwa Mzee Murunga. Wengine walitoka Burnt Forest. Mzee Murunga, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, alikuwa amemwita mwamuzi kutoka nje: Mzee Kimeli, jirani yetu Mnandi, ambaye ndiye alikuwa akipiga pembe kuita watu wa upande wake. Mzee Kimeli alikuwa amekata pembe za kila aina. Alizifukia kwenye mbolea mpaka kiini cha ndani kilegee, akakivuta, akatoboa pembe ubavuni pa kupulizia. Kwa mambo ya pembe hakuna mtu wa kumwambia kitu. Kama hii ni pembe, Kimeli atajua.

Hakuna mama aliyetoa sufuria yake. Debe lenyewe likainjikwa juu ya mafiga, nje, mahali ambapo upepo ulitoka nyuma ya watu. Maji yalipochemka Nicanor akachukua waya aliyoikunja kama ndoana, akaingiza, akavuta akizungusha pole pole, kama unavyofungua skrubu ya plau iliyoshika kutu. Mlango ukatoka kwanza. Halafu mguu. Halafu kichwa na zile pembe mbili. Halafu nyama ikaendelea kutoka, ikijikunja na kujikunja, mpaka mwisho mwembamba kama mkia wa nguruwe. Watu wote walirudi nyuma, na wote wakasogea tena.

Mzee Murunga hakusogea. "Umenunua nyama Mombasa," akasema, "umeishindilia ndani ya pembe."

Jamani, kelele. Nusu ya uwanja ikasema, ndiyo, ameshindilia. Nicanor akasimama na waya mkononi. Alikuwa ameleta kila kitu alichoambiwa alete, na mtu wa Chepsaita alikuwa amesimama pale kwenye lango, amevaa viatu vipya. Kwa mara ya kwanza maishani Khisa hakuwa na mzaha.

Mzee Kimeli akanyoosha mkono. Akachukua ganda, likiwa bado na moto, akalipitisha kutoka mkono huu mpaka huu. Akanusa ndani, akatoa sauti. Akaingiza kidole mpaka kilipoishia. Halafu akachukua fimbo, akageuza ile nyama chini mara mbili, tatu. Kiswahili chake hakikuwa kingi.

"Murunga," akasema, "ndani ya pembe iko mfupa. Mimi natoa mfupa tangu kijana. Pembe iko na mfupa. Hii iko na nyama." Akagusa kwa fimbo. "Iko na macho. Pembe gani ina macho?"

"Ameshindilia," Mzee Murunga akasema.

"Basi shindilia wewe."

Hapo ndipo kesi ilipoamuliwa. Mzee Murunga akavua koti la Jumapili, akampa Nasike. Akakunja mikono ya shati. Akaokota ile nyama, na uso wake mnaujua, hakuutikisa. Akaanza kuirudisha ndani. Sehemu ya kwanza iliingia. Ya pili ikatoa ya kwanza. Akajaribu kwa kuanzia na mkia. Akajaribu kwa kuzungusha upande huu, na upande ule. Akaitisha mwiko, akasukuma na mpini. Akaweka ganda katikati ya magoti kama mtu anayekamua ng'ombe mkali, jasho likamtoka. Mzee wa kanisa, mbele ya waumini, anapigana na konokono, na konokono aliyekufa ndiye anashinda. Mzee Kimeli alicheka mpaka akaomba kiti.

Mwishowe Mzee Murunga akaacha. Akakaa chini, ganda mapajani. Nyama ilikuwa imejikunja vile vile ganda lilivyojikunja, pindo kwa pindo, na hata kipofu angejua vitu hivi viwili vilikua pamoja. Nasike akaokota kile kigae cha kahawia pale majivuni, akakifuta na kanga yake, akakiweka kwenye mdomo wa ganda. Kikakaa.

"Ni mlango," akasema, akimwangalia Nicanor.

"Ni mlango," Nicanor akasema. "Anakuja nao nyuma, akishaingia wote."

Mzee Murunga akaangalia mlango, akaangalia ganda. Kila mtu alingojea hukumu. Akauliza, "Na... anakula nini?"

Basi. Mzee anayeuliza konokono anakula nini ameshaamini. Mtu wa Chepsaita akaondoka na viatu vyake. Maswali yaliendelea mpaka jua likashuka: anazaa au anataga, ana damu, anajua njia ya kurudi, maji ya chumvi hayamchomi macho? Nicanor alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema sijui. Mbwa wa Mzee Murunga alikula nyama yote na hakupatwa na lolote, isipokuwa hakuna aliyemruhusu kuingia ndani ya nyumba mpaka Oktoba.

Nicanor na Nasike walifunga ndoa hapa Cheptiret Jumamosi tarehe 29 Desemba 1928. Mzee Kimeli alitoa zawadi ya kazi ya mikono yake: alilitoboa lile ganda ubavuni, kama wanavyotoboa pembe upande wao, akamfundisha Nicanor kulipuliza. Kwa hiyo hapa kwetu nyumba ya konokono wa bahari inapigwa kama pembe ya Wanandi kuwaita Waluhya kanisani, na kama kuna mahali pengine duniani wanafanya hivyo, Khisa anataka kuonyeshwa. Nicanor alilipiga kila Jumapili, na sauti yake ilifika Burnt Forest. Watu wa Burnt Forest wanakataa, lakini wao hulala sana. Ganda lenyewe liko hapo mezani karibu na maua. Mtaligusa baada ya ibada. Msilipulize, mna mate.

Mungu aliwapa watoto watano: Tryphosa, Nanyama, Simiyu, Rael, na Murunga aliyepewa jina la babu yake. Babu alipokufa 1941, alikuwa ameshasimulia habari ya konokono kwa kila mgeni aliyepita, na kila mwaka, katika hadithi yake, yeye mwenyewe alikuwa karibu zaidi kumshinda. Baada ya Bwana Masharubu kuuza shamba 1947, Nicanor alipika katika hoteli moja ya chai mjini Eldoret, akawa anajulikana na madereva wa lori mpaka Nakuru. Jina la Konokono lilibaki, lakini sasa lilikuwa na Mzee mbele yake. Alilipenda.

Mwaka wa 1955 kifua kilianza kumsumbua. Alikuwa akipiga ganda mara moja, halafu anakaa. Tryphosa akachukua kazi hiyo, na anaiweza kuliko baba, tumemwambia marehemu hivyo akiwa hai ili asishangae. Mwezi wa Julai mwaka huu alilazwa hospitali Eldoret. Kitanda cha pili kilikuwa na mtu wa Pwani, fundi wa reli aliyevunjika mguu, na marehemu akafurahi kama aliyepata ndugu. Wakazungumza konokono.

Sasa, kuna jambo ambalo Nicanor alikuwa amezoea kuwaambia watoto na wageni. Alisema konokono wa bahari akikua na nyumba ikambana, huitoka, akatembea uchi mpaka apate nyumba kubwa, akahamia. Alisema ameona kwa macho yake pale Likoni, maganda yakibadilishana wenyewe. Alipomwambia yule fundi, fundi akacheka mpaka mguu ukauma.

"Mzee, huyo uliyemwona ni kaa," akasema. "Yupo kaa mdogo, mwizi, hana nyumba. Anaingia ganda la konokono aliyekufa, likimbana anatafuta jingine. Konokono mwenyewe hatoki. Nyumba ni yake tangu utotoni. Anakua, naye anaijenga kwenye ukingo, kidogo kidogo. Akitoka amekufa."

Nicanor alikasirika siku hiyo, hakula. Kesho yake akamtuma Khisa nyumbani alete ganda. Akaliweka juu ya blanketi, akalipapasa kutoka kwenye ncha mpaka mdomoni. Kulikuwa na matuta, moja baada ya jingine, kila tuta mahali ambapo mdomo ulikuwa zamani kabla haujaongezwa. Kwenye ncha yalikuwa madogo kama ukucha wa mtoto. Akayafuata yote kwa kidole.

"Nimekaa na hii kitu miaka yote hii," akasema, "na sikuona."

Alikuwa na furaha, msikosee. Alimwita fundi aone, akamwita na nesi. Halafu akamgeukia mdogo wake. "Khisa, hii utaisoma siku yangu."

Khisa akamwambia, "Kaka, matangani hatusomi makosa ya mtu. Tunasoma alizaliwa lini."

"Utaisoma. Siku moja mtu wa Pwani atapita Cheptiret, awaambie mimi nilikosea hapa. Watasema, basi hata yule wa debe alishindilia. Watasema Murunga alidanganywa. Watu wangu wote watarudi kuwa watoto wa mwongo. Wewe waambie kwanza, wewe mwenyewe, kwa hiyo sauti yako ya barabarani. Nilikosea moja. Mengine yote niliyaona."

Nicanor Wanyonyi alifariki hospitalini Eldoret Jumatano tarehe 11 Septemba 1957, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mjane wake Nasike, watoto wake Tryphosa, Nanyama, Simiyu, Rael na Murunga, wajukuu sita, mama yake Nelima aliyeko Kimilili, ambaye miguu haikumruhusu kuja, na mdogo wake Khisa. Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani wa pande zote mbili za barabara, na yule fundi wa reli, ambaye amekuja leo na mkongojo wake na ameketi pale nyuma. Bwana ampokee Nicanor, amjibu maswali yake yote, na ampe mahali pa kupumzika.

Na lile alilotuagiza tuseme ni hili. Marehemu alifundisha kwamba konokono wa bahari huhama nyumba yake. Hahami. Marehemu alikosea.